Kadi Saba za Banjarmasin

Baba,

Ninakuandikia nyuma ya zile fomu za ofisi ya mizigo ulizoleta nyumbani siku uliyostaafu. Karatasi nyingine hakuna. Upande wa mbele bado pana nafasi ya mpelekaji, ya mpokeaji na ya kituo cha mwisho. Mpelekaji nimeandika jina langu, mpokeaji nimeandika lako. Nilipofika kwenye kituo cha mwisho kalamu ilisimama, nikageuza karatasi.

Unajua mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu alizoea kunipita, maana hata jibu nikilijua, sauti haikutoka. Wewe tu ndiye uliyenitetea. Kwa kuwa nina jina la mama yako, Numbi, uliniita Mama tangu nikiwa mchanga, na mbele ya wageni ulisema, "Mumuache Mama, iko anapika neno." Basi neno limeiva, Baba. Limechukua miezi mitano, na sasa huna masikio ya kulisikia. Nitakuambia kwanza habari za nyumbani, halafu nitalisema. Nikianza nalo nitalia, na karatasi zenyewe ni chache.

Treni bado haiji. Nyasi zimeota katikati ya reli, na mbuzi wa jirani wamehamia pale. Ndege za askari zinatua kambini karibu kila siku, madirisha yanatetemeka, na Mama hainamishi tena kichwa zikipita. Anaendelea kuchambua majani ya sombe tu. Mimi nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho tuliufanya, lakini majibu yako Kinshasa na njia imefungwa na vita. Watu wakiniuliza kama nina diploma, ninawaambia bado iko njiani, kama vile ulivyokuwa ukiwaambia wenye mizigo.

Na chumba chako cha mbele kina watu. Baada ya wewe kutuacha, vita vilishuka hadi kwenye vijiji vya mtoni, na watu wa Mulongo wakaja hapa kwa miguu, wengine wakisukuma kinga, baiskeli zilizobeba wazee na masufuria. Kanisa liliomba kila lupango, kila ua wenye nyumba, uchukue familia moja. Sisi tumepata Mama Kabange na mabinti zake wawili. Walitembea wiki mbili. Alipoingia alitazama kila upande akauliza, "Muko munakunywa mayi ya wapi? Mto yenu iko wapi?" Mama akamjibu kwamba Kamina haina mto, ina visima. Mama Kabange akakaa chini kama mtu aliyeambiwa kwamba hapa hakuna jua.

Nilimpenda saa ile ile, kwa sababu swali hilo nililijua. Ndilo alilokuuliza Sajenti Hasan.

Nataka niiandike hadithi hiyo, ili nione kama bado ninayo yote. Ulikuwa kijana, karani katika stoo ya kambi, unagawa blanketi na sabuni kwa askari wa kofia za bluu waliotoka nchi nyingi. Sajenti Hasan alitoka Indonesia, katika mji unaoitwa Banjarmasin, ambako mito ni mingi kuliko barabara. Mlizungumza kwa maneno machache ya Kifaransa na kwa kuchora. Wiki ya kwanza alikuuliza mto wenu uko wapi. Ya pili akauliza tena. Ukaona mtu huyu ataugua, ukamwombea nafasi katika treni ya mizigo mkaenda naye mpaka Bukama. Alipouona mto Lualaba alivua buti, akaingia majini mpaka magotini, akasimama pale. Ulisema ulikaa juu ya gunia la samaki wakavu ukimngoja, na mbu walikula miguu yako kwa furaha.

Alipoondoka alikuachia kadi saba za picha za mji wake. Baadaye, mwaka ambao posta ilikuwa bado posta, ikaja bahasha yenye ramani. Alikuwa amechora kwa penseli nyekundu duara saba zenye namba, na mishale kutoka moja hadi nyingine, na msalaba mdogo mahali nyumba yake ilipo. Ulinionesha na Kifaransa chake chini: wewe ulinipeleka kwenye mto wako, ukija nitakupeleka kwenye yangu, tutaanzia namba moja.

Hukwenda. Ukatupeleka sisi.

Kila Jumapili baada ya ibada ulipanga mabenchi mawili moja nyuma ya jingine, ukasimama nyuma na rula ya ofisi iliyopigiliwa msumari nchani, ukabadilisha sauti ikawa ya redio. "Mabwana na mabibi, karibuni mashuani. Tafadhali, musiegemee upande moja." Na kila Jumapili watoto waliegemea upande mmoja makusudi mpaka benchi likaanguka. Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Weye, hata Bukama ulifika mara moja tu, na ulirudia na homa!" Nawe ukamjibu bila kugeuka, "Njo ile homa ilinifundisha kazi."

Kadi ya kwanza ilikuwa soko la juu ya maji. Wanawake wamekaa ndani ya mitumbwi, wamevaa kofia pana za majani, wamejaza ndizi na machungwa mpaka ukingoni. Soko linaanza alfajiri, jua likipanda limekwisha, kila mmoja amepiga kafi kurudi kwake. Mnunuzi hashuki. Muuza vitafunio anampa kijiti kirefu chenye msumari, naye anachoma keki anayoitaka kutoka mtumbwi wake. Hapo ndipo rula yako ilipopata kazi. Mama aliweka sahani ya mikate ya mafuta juu ya kinu, na kila abiria alivua mmoja kwa rula. Aliyeuangusha mkate aliambiwa samaki wamekula, arudi kukaa.

Kulikuwa na nyumba zinazoelea juu ya magogo, zimefungwa ukingoni kwa kamba. Kulikuwa na wachimba almasi wanaozungusha karai za mbao ndani ya matope. Kulikuwa na msikiti wa mbao kando ya mto, paa juu ya paa, na mzee mmoja wa kanisa akasema, "Siku ya Mungu, Papa, unatupeleka ku moskiti?" Ukamwambia, "Tunaangalia paa tu. Hakuna mwenye kuvua viatu." Alicheka mpaka akaondoa miwani. Na kulikuwa na kadi ya tatu, kisiwa cha nyani. Nyani wanawapokea watalii kwenye ngazi, wanawapora ndizi mikononi. Kona ya chini ya kadi hiyo ilitafunwa na panya zamani, palepale mkia wa nyani mkubwa ulipokuwa. Kila mara ukasema, "Huyu mkia wake ulikuwa murefu sana, ulifika mpaka Kamina, panya wetu akaukula." Nilisikia maneno hayo labda mara mia, na mara mia nilicheka, nimejificha nyuma ya mgongo wa Mama.

Sasa nitalisema.

Unakumbuka ulipolazwa hospitali. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kufunga macho yako, na dawa iliyokuwa ikija kwa treni haikuja tena. Mama alishinda kwako, mimi nikabaki kulinda lupango. Siku hizo askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta karatasi za adui. Fundi redio wa avenyu ya nyuma walimkuta na mchoro wa nyaya wakasema ni siri ya vita. Alirudi baada ya siku tatu, mkono umefungwa kwa kitambaa, na hakutaka kusema na mtu.

Mchana mmoja nilisikia wameingia avenyu yetu. Nikakumbuka ramani. Maisha yangu yote niliitazama kama mwaliko. Siku ile niliifungua nikaitazama kwa macho ya askari. Nikaona mto, mishale myekundu, namba, msalaba, na maandishi ya Kiindonesia ambayo hakuna mtu wa Kamina angeweza kuyasoma wala kuwaeleza. Na kadi nazo zilikuwa na maandishi hayo hayo nyuma. Na ile ya mwisho ulikuwa umeibandikia nyuma picha yako, umesimama na askari wa kigeni.

Nilizichoma, Baba. Ramani na kadi zote saba, ndani ya mbabula ya makaa ambayo chungu cha maharage kilikuwa juu yake. Hakuna aliyeniagiza. Ramani ilikwenda haraka. Kadi zilikuwa ngumu, zilijikunja kwanza, na nikalazimika kuzisukuma kwa kijiti. Kamba uliyozifungia kadi tu ndiyo iliyobaki. Niliifungua kabla ya kuchoma nikaiweka mfukoni, kwa sababu ulitufundisha kwamba mtu wa mizigo hatupi kamba.

Askari walifika kwetu kesho yake. Walikuwa wawili. Mmoja, aliyenizidi umri kidogo tu, aliomba maji akanywa vikombe viwili, akaomba na chumvi. Nikamfungia hiyo chumvi ndani ya karatasi, akasema asante, wakaenda. Hawakufungua hata sanduku moja.

Ningeweza kukuambia. Nilikuwa na siku nne za kukuambia. Kila nilipokuletea bukari na mboga nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimelishika neno mdomoni, na kila siku nikarudi nalo nyumbani. Siku ya tano ukasema, "Mama, kesho ulete kadi. Aba bagonjwa habajasafiri hata siku moja."

Nilikata majalada ya madaftari yangu ya mwaka wa sita. Saba, kwa ukubwa nilioukumbuka. Nikayafunga kwa kamba ile ile. Nilijiambia haoni, atashika kamba, atafurahi, basi.

Uliishika kamba, ukafurahi. Ukakaa, Mama akakuwekea mto mgongoni, ukavaa sauti ya redio ukawakaribisha mashuani. Kisha ukainua kadi ya kwanza, ukawaonesha watu jalada tupu la daftari.

Yule dereva wa treni aliyevunjika mguu, kitanda cha jirani, alifungua mdomo. Nikaweka kidole juu ya midomo yangu. Akanitazama, akakutazama wewe, halafu akasema kwa nguvu, "Oh, Papa! Bantu iko mingi kabisa mu ile soko!" Na mama wa kitanda cha dirishani akauliza bei ya ndizi. Baba, chumba kizima kilisafiri kwa karatasi tupu. Nilisimama pale, na nilikuwa karibu kuamini kwamba tutafika.

Ukainua ya tatu. Kidole gumba chako kikashuka kwenye kona ya chini, kama kilivyoshuka kila Jumapili. Kikakuta kona nzima. Kikarudi juu, kikashuka tena. Dereva wa treni akaacha kucheka.

Ukasema, "Angalia, Mama. Panya amerudisha mkia."

Hukupaza sauti. Ukasema tena, kwa watu wote sasa, "Panya wa Kamina iko na roho muzuri." Kisha ukanyoosha kadi upande wangu, ukasema, "Nyani ni yako. Weye sema."

Na mimi sikusema. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema, hadithi ya nyani na hili la moto, yakakwama pamoja mlangoni. Ulingoja. Mkono wako ulianza kushuka kwa uchovu, na bado ukangoja. Mwishoni ukaisimulia mwenyewe, na ukamaliza zote saba, na ukasema maneno yako ya kufunga: "Tumefika. Mushuke polepole, moja moja, musiache kitu mu mashua."

Siku ya tatu baadaye ulikwenda. Mama alifunga karatasi zile kwa kamba akaziweka chini ya mkono wako, akidhani ndizo. Umezikwa na majalada ya madaftari yangu, Baba. Jalada la hesabu liko huko, lina jina langu.

Kwa miezi mitano nimejiuliza ulitaka kusema nini. Nilidhani labda ulikuwa umenikasirikia, ukaificha hasira mbele ya watu. Usiku sikulala, mchana sikula vizuri, Mama akadhani ni huzuni peke yake. Aliyenisaidia ni Mama Kabange, bila kujua.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kizingitini, nikachora soko la juu ya maji nyuma ya fomu, nione kama mkono unakumbuka. Mama Kabange alikuja na ungo wake, akasimama nyuma yangu. Halafu akauliza polepole, "Aba bamama, banakimbia wapi?"

Nilitazama mchoro wangu. Mitumbwi mingi imebanana, wanawake, mizigo mpaka ukingoni, asubuhi mapema. Niliona alichokiona. Alitoka kwake hivyo hivyo, kwa mtumbwi, kabla ya kuanza kutembea, na jirani zake kulia na kushoto.

Baba, sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi. Nikasema, "Habakimbie, Mama. Banauzisha."

"Banauzisha?"

"Banauzisha ndizi na machungwa. Jua likipanda banarudia kwabo."

"Kwabo iko?"

"Iko. Mutu hapakie keki kama anakimbia."

Akachukua karatasi, akaisogeza karibu na macho. Kisha akaanza kunikosoa. Huyu wa mbele atapinduka, mutu haikalaka mbele vile, na mzigo uwe katikati, na kafi inashikwa hivi, nani amekufundisha mto? Nikasema baba yangu. Akauliza baba yako alikuwa mtu wa maji? Nikasema alikuwa mtu wa ofisi ya mizigo. Akacheka mpaka ungo ukamwagika, mabinti zake wakatoka nje kuona ni nani anayecheka. Walikuwa hawajaisikia sauti hiyo tangu Mulongo. Nilipowaambia juu ya nyumba zinazoelea, walinitazama kwa huruma. Kwao, katika mabwawa ya Upemba, wavuvi wanajenga juu ya visiwa vya mafunjo, na upepo ukigeuka mtu anaamka amehamia kwa jirani. Hilo hata Sajenti Hasan hakuwa nalo.

Hapo nikaelewa, au nadhani nimeelewa. Mama Kabange alishika karatasi yenye makosa, akajua ina makosa, na bado akataka kuambiwa. Wewe ulishika kadi isiyo na kitu, ukajua, na badala ya kuniuliza kadi zenyewe ziko wapi, ulinipa zamu. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unatafuta nani ataendelea.

Nimechora zote saba. Mama Kabange amesahihisha mitumbwi. Ramani sikuichora, siikumbuki vizuri, na vita bado havijaisha.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilitoa mabenchi. Mama alinitazama kutoka jikoni. Nilichukua rula. Walikaa mabinti wawili, na Mama Kabange, na watoto wa avenyu, na dereva wa treni alikuja na gongo lake, sijui nani alimwambia. Nilisema karibuni mashuani na sauti ilikuwa ndogo sana. Nikasema tena. Watoto wakaegemea upande mmoja, benchi likaanguka, na Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Numbi! Weye hata Bukama hujafika!" Akaanza kucheka, halafu akafunika uso kwa kitambaa. Lakini alileta mikate.

Nilipofika kadi ya tatu niliiinua juu. Kona yake ya chini haipo. Niliitafuna mwenyewe asubuhi ile kabla ya kanisa, kwa meno, kwa sababu mkasi ungeikata vizuri mno. Nikasema, "Huyu mkia wake ulikuwa murefu sana, ulifika mpaka Kamina." Dereva wa treni akainama. Nikaendelea mpaka mwisho, Baba. Zote saba.

Nisamehe kwa moto ule. Nisamehe na kwa mkono wako uliongoja. Ninakuahidi mambo mawili. Posta ikifunguliwa, nitamwandikia Sajenti Hasan kwamba ramani yake iliungua na aliyeichoma ni mimi, na nitamwomba nyingine. Na mabenchi yatatoka kila Jumapili, hata kama abiria ni Mama peke yake.

Sasa tumefika. Shuka polepole, Baba. Kama umeacha kitu mashuani, usirudi kukitafuta. Ninacho mimi.

Mama yako mdogo,
Numbi